Kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwenye chakula cha kuku: kupima, kukausha na kuchanganya

Kuku wawili wakizubaa asubuhi, mchana mfugaji yuko duka la pembejeo anaulizia OTC, ile antibayotiki ya unga ya kutia kwenye maji. Jioni banda zima linakunywa maji ya njano, wagonjwa kwa wazima, na kesho yake mayai yanakwenda sokoni kama kawaida. Vijidudu vinaizoea dawa, mlaji anakula mabaki yake, na siku ile dawa inapohitajika kweli, haifui dafu. Sweden ilipiga marufuku kulisha mifugo antibayotiki za kukuzia mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya mzima ukafuata kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Tangu hapo viwanda vya chakula cha mifugo vya huko vimekuwa vikitafuta mbadala, na sehemu kubwa ya walichokigeukia ni vitu ambavyo sisi tunavyo jikoni: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mdalasini, pilipili, karafuu.

Hatuna haja ya kuviagiza mbali. Kitunguu saumu kinatoka Mbulu, tangawizi Same na Kigoma, mdalasini na pilipili manga Muheza na milima ya Uluguru, karafuu Pemba. Kinachotuangusha ni vipimo. Mtu anasikia "tangawizi ni dawa ya kuku", anaponda konzi moja, anamwaga kwenye ndoo ya maji, basi. Konzi ya nani? Kwa kuku wangapi? Mwongozo huu unamlenga mwenye kuku kati ya hamsini na mia tano, wa mayai au chotara, anayenunua chakula cha mfuko au anayechanganya mwenyewe. Utahitaji mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu. Kama huna, nunua huo kwanza, viungo baadaye.

Kabla ya kununua chochote

Viungo hufanya kazi tumboni mwa kuku. Mafuta yenye harufu yaliyomo ndani yake hubana baadhi ya bakteria wabaya wa utumbo, huamsha utokaji wa nyongo na vimeng'enya vya kusaga chakula, na kuku anapata zaidi kidogo kutoka kwenye kilo ileile. Neno la kushika ni "kidogo". Matokeo ya majaribio duniani yanatofautiana sana, na banda likiwa safi, lina hewa na chakula chake ni bora, faida ya viungo huweza kuwa ndogo hata usiione kwa macho. Huonekana zaidi pale kuku wanapokuwa kwenye msukosuko: kubadilishiwa chakula, joto kali, msongamano, kuhamishwa banda.

Mdondo, wengine wanauita kideri, hauna tiba. Si ya duka, si ya shambani. Kinga yake ni chanjo, na kwa wafugaji wadogo wa Tanzania chanjo ya I-2 inajulikana: tone moja jichoni, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kuna watu wanaoacha chanjo kwa sababu wanawapa kuku mwarobaini na pilipili. Hao huwa tunasikia habari zao mdondo ukipita kijijini. Gumboro na ndui nazo ni za chanjo. Kuhara damu kukishaingia kunataka dawa yake, kama ampuroliamu, na maranda makavu. Kitunguu saumu hakikaushi maranda yaliyolowa chini ya chombo cha maji kinachovuja.

Basi kagua haya kwanza: chanjo ziko kwenye ratiba, maranda hayashikani ukiyafinyanga mkononi, vyombo vya maji vinasuguliwa kila siku, chakula hakina ukungu. Kama kimojawapo kimelegea, hela ya viungo ipeleke huko.

Hatua ya kwanza: chagua vichache

Anza na vitatu: kitunguu saumu, tangawizi na manjano. Vinapatikana mwaka mzima, vimejaribiwa sana kwa kuku, na ukikosea kidogo kipimo hakuna kifo. Vipimo nitakavyotaja ni vya unga mkavu kwa mfuko wa kilo 50, kila kimoja kikitumika peke yake.

Kitunguu saumu gramu 250 hadi 500. Ukiongeza mara tatu au nne zaidi ya hapo, harufu inaanza kuhamia kwenye mayai na nyama, na mama ntilie atakurudishia trei yako.

Tangawizi gramu 250 hadi 500.

Manjano gramu 250. Zaidi ya gramu 500 unatupa hela. Kiini chake cha kazi, kurukumini, hakinyonywi vizuri na mwili, kwa hiyo kuzidisha hakuzidishi faida. Chembe ya pilipili manga husaidia unyonywaji wake. Gramu 10 hadi 15 kwa mfuko zinatosha.

Vingine ni vya baadaye. Mdalasini gramu 100 hadi 150. Habasoda gramu 500, ingawa bei yake kwa wengi wetu inaifanya ibaki kwa binadamu. Karafuu gramu 50 tu: mafuta ya karafuu ni makali, sehemu yake kubwa ni yujeno, ile ileile inayotia ganzi jino linalouma, na ukizidisha kuku wanapunguza kula. Kuku asiyekula ni hasara kubwa kuliko kuku asiyepewa viungo.

Pilipili kichaa iliyokaushwa, gramu 100 hadi 250. Wengi wanaogopa kwamba itawaunguza kuku. Haiwaunguzi. Ndege hawahisi ule ukali kama tunavyouhisi sisi na wanyama wanyonyeshao, ndiyo maana mipilipili inaota ovyo chini ya miti: ndege wamekula na kutawanya mbegu. Atakayeungua ni wewe unayetwanga. Funga kitambaa puani, twanga nje upande upepo unakotoka, na usiguse macho.

Kitunguu maji usikiweke kwenye orodha hii. Kwa wingi kinaweza kuharibu chembe nyekundu za damu za ndege. Maparachichi nayo, hasa majani, maganda na kokwa, ni sumu kwao. Nalitaja kwa sababu wanaokusanya mabaki ya jikoni na ya wauza juisi huchanganya vyote kwenye ndoo moja.

Kiini cha yai: manjano siyo jibu

Hapa nasimama kidogo kwa sababu hela nyingi zinapotea. Mteja anataka yai lenye kiini cha rangi, mfugaji anaona manjano ni ya njano, anapiga hesabu ya haraka. Rangi ya kiini inatokana na karotinoidi, kundi la rangi lililomo kwenye mahindi ya njano, majani mabichi na pilipili nyekundu zilizoiva. Rangi ya manjano si ya kundi hilo, na haiingii kwenye kiini kwa kiwango cha kutegemea. Viini vyetu vimepauka kwa sababu chakula kingi kinatengenezwa kwa mahindi meupe na kuku wamefungiwa ndani.

Ukitaka rangi, ning'iniza mchicha, majani ya viazi vitamu au mlonge bandani kila siku, kama kiganja kimoja kwa kuku watatu wanne. Ukitaka kiini kielekee wekundu wa machungwa, ongeza pilipili nyekundu zisizo kali, zilizoiva na kukaushwa, gramu 250 kwa mfuko. Mabadiliko yanaonekana kikamilifu baada ya wiki moja na nusu hadi mbili, kwa kuwa viini vinatengenezwa siku nyingi kabla yai halijatagwa. Majani ya lusina yapunguze sana. Yana mimosini, na kwa wingi inadumaza kuku na kupunguza mayai.

Hatua ya pili: nunua vizima, usinunue unga

Unga wa sokoni huna namna ya kujua una nini. Binzari ya kupimiwa kwa kijiko mara nyingi ni mchanganyiko wa mapishi wenye unga wa mahindi, chumvi na rangi. Huko Bangladesh watafiti walikuta manjano yaliyong'arishwa kwa rangi yenye madini ya risasi, sumu inayokaa mwilini. Nunua tangawizi na manjano mabichi yenye maganda, kitunguu saumu kwenye vichwa vyake, mdalasini kwenye magome, pilipili nzima.

Si lazima iwe daraja la kwanza. Ukizoeana na wauzaji wa jumla watakuuzia chenga: punje ndogondogo za kitunguu saumu zilizoachana na kichwa, vidole vya tangawizi vilivyovunjika. Udogo na kuvunjika si tatizo, ila chenye ukungu au kilichooza usichukue hata ukipewa bure, na usikate ule upande mbovu ukabaki na mzuri.

Wauza juisi ya tangawizi wana makapi kila siku. Ni mazuri, yana harufu bado, lakini nguvu imepungua na yamelowa, kwa hiyo walishe kuku siku hiyohiyo au yaanike mara moja. Kwa makapi usipige hesabu ya gramu. Yahesabu kama nyongeza.

Hatua ya tatu: kukausha

Kupima na kukausha ndizo hatua zinazoamua kama utapata kiungo au vumbi lenye rangi.

Kitunguu saumu ndicho chenye masharti. Kikiwa kizima hakina ule ukali. Kinapopondwa au kukatwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na kiini chake kingine na papo hapo inatengenezwa alisini, yenye ile harufu na nguvu ya kupambana na bakteria. Moto unaua kimeng'enya hicho. Ukichemsha kitunguu saumu kizima kisha ukakiponda, umetengeneza mboga. Kwa hiyo menya nusunusu (maganda membamba yakibaki hayana madhara), kata vipande vyembamba kama kucha, tandaza kwenye chekeche au wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, na anika kivulini penye upepo au kwenye kikaushio cha jua. Usikikaange na usikiweke kwenye oveni kali. Kilo tatu hivi za kitunguu saumu kibichi zinatoa kilo moja kavu.

Tangawizi ioshwe vizuri ili udongo utoke, ikatwe na maganda yake, ianikwe. Hii inastahimili jua. Ina maji mengi: kilo tano mbichi zinakuachia kilo moja.

Manjano mabichi huchemshwa kwanza mpaka kijiti kiingie bila shida, kama robo tatu ya saa au zaidi, kisha hukatwa na kuanikwa. Kuchemsha kunayafanya yakauke sawasawa na hakuui rangi. Jua la moja kwa moja kwa siku nyingi ndilo linaloififisha, kwa hiyo siku ya kwanza juani, zinazofuata kivulini. Ukiwa na kiasi kidogo unaweza kuruka kuchemsha. Kiwango ni kilekile, tano kwa moja. Vaa glavu au kubali kuwa na vidole vya bibi harusi kwa wiki nzima.

Kimekauka lini? Kipande kinavunjika kwa mlio, hakipindi. Kikipinda, rudisha. Unaweza kupima kwa chupa kama wakulima wanavyopima mahindi: weka vipande kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, bado kuna unyevu.

Unyevu ndio adui. Kiungo kibichi ndani kitazalisha ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuku nao inawaharibu ini hata kwa kiasi kidogo: wanadumaa, mayai yanapungua, chanjo hazishiki vizuri. Yapo majaribio yaliyoonyesha manjano kupunguza madhara yake kwa kuku, na wapo waliotafsiri hilo kuwa ruhusa ya kulisha mahindi yaliyooza mradi kuna manjano. Hapana. Mahindi yenye ukungu yatupwe, na yasipelekwe kwa ng'ombe wa maziwa pia, maana sumu inapita hadi kwenye maziwa.

Saga au twanga kiasi cha wiki mbili hadi nne tu. Vipande vikavu vinatunza harufu muda mrefu kuliko unga. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, gizani, mbali na bati la moto. Pua yako ni kipimo kizuri: ukifungua chombo na hakikupigi harufu, kuku naye hatapata kitu.

Hatua ya nne: hesabu ya banda lako

Chukua kuku 100 wa mayai. Kila mmoja anakula gramu 115 hivi kwa siku, jumla kilo 11.5. Mfuko wa kilo 50 unakwisha baada ya siku nne na kidogo, na kwa mwezi utahitaji karibu mifuko saba.

Mchanganyiko wa kuanzia ninaoupendekeza kwa mfuko mmoja:

kitunguu saumu gramu 200, tangawizi gramu 150, manjano gramu 150.

Jumla gramu 500, yaani asilimia moja. Usivuke hapo unapochanganya viungo zaidi ya kimoja. Vile vipimo vya juu vilikuwa vya kila kimoja peke yake, na kuvijumlisha vyote ndiyo njia ya haraka ya kuharibu hamu ya kula. Kwa asilimia moja lishe haitikisiki: chakula chenye protini asilimia 17 kinashuka hadi 16.8 hivi, jambo ambalo kuku hatalisikia.

Kwa mwezi ni kama kilo 1.4 za kitunguu saumu kavu, sawa na kilo nne na ushee mbichi, na kilo moja moja ya tangawizi na manjano makavu, sawa na kilo tano tano mbichi. Weka bei za soko lako. Tuseme, kwa mfano, viungo vinaongeza shilingi 6,000 kwa kila mfuko. Banda linalotaga mayai 80 kwa siku linatoa mayai 350 hivi kwa mfuko mmoja, kwa hiyo umeongeza shilingi 17 kwa yai, zaidi ya 500 kwa trei. Je, itarudi? Kama kuku wako walikuwa wanaharisha, mayai yanapanda na kushuka na kila mwezi unanunua dawa, inaweza kurudi. Kama banda linataga vizuri na hakuna kifo, sioni sababu ya kulisha kitunguu saumu kila siku. Afadhali uvitumie kwa vipindi: siku tano hadi saba wakati wa kubadilisha chakula, wiki ya joto kali, au baada ya kuwahamisha.

Vifaranga waache wiki ya kwanza. Kazi yao hapo ni joto, maji safi na chakula laini. Kuanzia wiki ya pili wape nusu ya kipimo, na unga uwe laini kabisa. Wakifika wiki ya sita wanaweza kupata kipimo kizima. Chakula cha vifaranga cha kiwandani mara nyingi kimeshatiwa dawa ya kuzuia kuhara damu. Usiwahamishe ghafla kwenda chakula kisicho na dawa hiyo kwa imani kwamba tangawizi itashika zamu, maana kati ya wiki ya tatu na ya sita ndipo ugonjwa huo unapowapenda zaidi.

Hatua ya tano: kuchanganya

Gramu 500 ndani ya kilo 50 haziwezi kusambaa kwa kumwaga juu na kukoroga kwa mkono. Kuku watano watakula viungo vyote, wengine hawataonja. Nenda kwa ngazi.

Changanya viungo vyako vyote vitatu kwenye beseni mpaka rangi iwe moja. Ongeza chakula kiasi kile kile, nusu kilo, changanya. Ongeza kilo moja, changanya. Ongeza kilo mbili, kisha nne. Sasa una kilo nane ambazo kila konzi inafanana na nyingine. Mwaga chakula kilichobaki kwenye sakafu safi ya saruji au turubai, tandaza kilo nane zako juu yake, na geuza kwa chepe kutoka rundo moja kwenda jingine, mara nne au tano, kama fundi anavyogeuza zege kavu. Manjano yanakusaidia hapa: rangi ikiwa na mabaka, bado hujamaliza.

Chakula cha punje ngumu hakishiki unga. Unga utazama chini ya fida, yaani chombo cha kulishia, na kubaki huko. Kwa chakula cha aina hiyo nyunyiza mafuta ya alizeti kidogo, kama vijiko vitano vya chakula kwa kilo kumi, geuza, ndipo utie viungo. Changanya cha siku mbili tatu tu, mafuta yasije yakachacha. Anayechanganya chakula mwenyewe aingize viungo pamoja na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi, kwa ngazi zilezile, kabla ya kukutanisha na pumba, mahindi na mashudu.

Anza polepole. Siku tatu za kwanza weka robo ya kipimo, tatu zinazofuata nusu, ndipo uende kamili. Kuku ni mgumu kuzoea kitu kipya, na akigoma kula siku moja, mayai yanashuka wiki nzima.

Njia ya maji, kwa asiyechanganya chakula

Ponda gramu 20 za kitunguu saumu kibichi na gramu 20 za tangawizi mbichi, acha dakika kumi ili ile alisini itengenezwe, kisha tia kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Acha saa mbili. Chuja kwa kitambaa, maana nyuzi za tangawizi zinaziba nipo (chuchu za kunyweshea maji) na kuoza ndani ya vyombo. Changanya na lita nne za maji safi. Hizo lita tano ni maji ya kwanza ya asubuhi kwa kuku 100. Baada ya saa nne au tano mwaga yaliyobaki, sugua vyombo, rudisha maji matupu.

Manjano yaache nje ya njia hii. Hayayeyuki kwenye maji, yatatuama chini.

Siku ya chanjo ya kunywesha, hakuna kiungo chochote kwenye maji, na iwe hivyo tangu siku moja kabla hadi siku moja baada. Chanjo nyingi za maji ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ukiviwekea kitu chenye nguvu ya kuua vijidudu unaweza kuvimaliza kabla havijaingia kwa kuku. Ndiyo maana hata maji yenye klorini hukatazwa, na wengi hutia unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, kuilinda chanjo.

Hatua ya sita: linganisha

Gawa banda kwa wavu. Kuku wa umri mmoja, idadi sawa, vyombo sawa, mwanga sawa. Upande mmoja chakula chenye viungo, mwingine chakula kilekile bila viungo. Bila upande wa pili hutajua kama mayai yameongezeka kwa tangawizi au kwa sababu mvua imepoza joto.

Andika kila siku kwenye daftari linaloning'inia mlangoni: chakula ulichotia, kilichobaki, mayai, waliokufa, hali ya kinyesi. Kwa kuku wa mayai, hesabu inayosema ukweli ni kilo za chakula kwa trei moja. Banda letu la mfano, kilo 11.5 kwa mayai 80, linatumia kilo 4.3 kwa trei. Kwa kuku wa nyama na chotara, pima kuku kumi walewale kila wiki, wafunge utepe mguuni, asubuhi kabla hawajala, kisha gawanya chakula walichokula kwa uzito waliouongeza. Namba ikishuka, ndiyo faida.

Wape wiki nane. Wakiharisha maji au kupunguza kula kabla ya hapo, toa viungo vyote siku tatu, halafu rudisha kimoja kimoja ili umjue mkorofi. Mara nyingi ni karafuu au kitunguu saumu kilichozidi. Wakikohoa, wakipinda shingo, wakitoa kinyesi cha kijani au wakifa wawili watatu kwa siku, hilo si suala la viungo. Tenga wagonjwa, ita afisa mifugo, peleka mzoga mbichi uchunguzwe. Na ukiambiwa utumie antibayotiki, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuuza yai au nyama. Manjano hayasafishi dawa mwilini mwa kuku, hata kama jirani kakuambia hivyo.

Wiki nane zikipita na pande mbili zinalingana, anza kutoa kile cha bei kubwa, ambacho kwa kawaida ni kitunguu saumu, uone kama kuna kinachobadilika kwa wiki nne nyingine.